Mwenye Mawe Hachagui Sampuli

Jamani, leo Mama Kulwa kanifelisha bila kushika hata bisibisi.

Niko Nyarugusu, kwenye karasha lake la kusagia mawe ya dhahabu. Nimeleta vikompyuta vitano nilivyobuni mwenyewe, kila kimoja kama kiberiti, vya kupiga kelele hewa ikichafuka chini kwenye duara, lile shimo la wachimbaji.
Kwenye laptop mchoro ulishapita kila jaribio. Mezani kwangu pia.

Nikamwamkia, nikatoa kimoja, nikakisogeza kwenye moshi wa jenereta.
Kikalia hadi mbuzi wakakimbia. Nikatabasamu kama bwana harusi.

Mama akauliza, "Hicho nani kakichagua?"
"Mimi."
"Ng'wanawane, mwanangu, hapa mwenye mawe hachagui sampuli. Mkono wake unajua jiwe zuri liko wapi."

Akafumba macho, akaingiza mkono kwenye mfuko wangu, akatoa kingine.
Nikakiweka kwenye moshi. Kimya.
Cha tatu, kimya.
Cha nne na cha tano, kimya vilevile.

Kumbe miezi minne nilikuwa napima kilekile kimoja, kwa sababu ndicho kilichokuwa kinakubali. (Mnielewe, sikujua kama nachagua.)

Mama hakucheka. Alivipanga vyote vitano juu ya kiroba cha mawe, akamwita mwanae Kulwa, ambaye alishavaa kofia ya kushukia duarani.
Akaniuliza taratibu, "Ulitaka huyu ashuke na kipi?"

Nyie mngemjibuje?