Jibu Nililompa Jirani

Mwaka huu nimerudi Lushoto nikiwa mjane, na nimerudi na hasira. Sijui kama umewahi kufiwa, rafiki yangu. Kama bado, Mungu akuepushie. Mwezi wa pili baada ya kumzika mume wangu nilikuwa ofisini, Tanga, tunakunywa chai ya saa nne, mara nikajikuta nimesema kwa sauti: hivi maisha haya yana maana gani? Basi wee, nilijibiwa! Mmoja akanitajia sura na mstari. Mwingine akasema maana ni watoto. Wa tatu akanitumia video ya mhubiri kwenye simu, palepale, nimekaa naye meza moja. Nikawashukuru wote, nikaomba ruhusa ya wiki moja, nikapanda basi la kwetu.

Lakini basi lilipoiacha Mombo na kuanza kukata kona za mlima, baridi ikaingia dirishani pamoja na harufu ya kuni za miti ya miwati, na hasira yangu ikageuka aibu. Nilikumbuka kwamba na mimi niliwahi kumjibu mtu vilevile.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nakaa na bibi mzaa mama kwenye kijiji kilicho juu ya mji. Mwaka huo nilikuwa darasa la kipaimara. Kila Jumamosi mwinjilisti alitupanga mstari kwenye sakafu ya saruji, miguu imekufa ganzi, akauliza, tukajibu. Swali, jibu. Swali, jibu. Ukikwama unarudi nyuma ya mstari. Mimi sikuwahi kukwama hata siku moja, na nilihakikisha kijiji kizima kinalijua hilo.

Jirani yetu wa upande wa juu alikuwa mkulima wa kabichi, mtu mrefu, mwenye kicheko ambacho tulikisikia mpaka jikoni kwetu. Hawakujaliwa watoto, yeye na mkewe. Walilima wawili mashamba yao ya ngazi mlimani, asubuhi mpaka jioni, wakibishana kuhusu maji ya mfereji utadhani wanagombana. Kipupwe cha mwaka ule mkewe aliugua siku nne tu, akafa. Watu walijaa. Walipika, walilia, waliimba, wakaanua matanga, halafu kila mtu akarudi shambani kwake, maana kazi haingoji. Yule baba akabaki mlangoni kwenye kigoda chake, wiki baada ya wiki. Halimi, hawashi moto. Bibi alikuwa akitoka asubuhi anatazama paa lake kama moshi umetoka, anarudi ndani ananuna.

"Huyu atamfuata mkewe," alisema. Akapakua makande ya moto kwenye bakuli, akafunga kwa kitambaa, akanituma.

Nilimkuta amejifunika blanketi, ndevu zimejaa, anatazama chini kwenye ukungu wa bondeni.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu." Akalitazama bakuli, akalitazama tena. "Hivi mwanangu, maisha haya yana maana gani?"

Jamani! Swali nililijua. Nikaweka bakuli chini, nikabana mikono ubavuni kama tulivyofundishwa, nikamwaga jibu lote: la kuumbwa, la kutumikia, la uzima wa milele, bila kuvuta pumzi.

Yule baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema taratibu, "Umejibu vizuri," akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango.

Nilishuka nyumbani nikikimbia, kichwa juu. Bibi alikuwa anachambua maharage. Nilimsimulia nikingoja sifa.

"Makande amekula?"

"Hapana. Lakini bibi, amesema nimejibu vizuri!"

"Mwe!" Bibi akasukuma ungo. Sijawahi kumwona amekasirika vile, na bibi yangu alikuwa mtu wa kukasirika. "Nani kakutuma kujibu? Nimekutuma chakula. Kesho unarudi, unakaa pale mpaka ale. Akikuuliza kitu, sema hujui."

"Lakini najua, bibi."

"Hujui!"

Kwa hiyo nikaenda. Siku ya kwanza nilikaa juu ya gogo, yeye kwenye kigoda, hakuna aliyesema neno baada ya shikamoo. Alikula vijiko vitatu, labda kwa kunihurumia na baridi. Siku ya pili ilikuwa hivyohivyo. Nilichoka, sitakudanganya. Nilimchukia kidogo.

Siku ya tatu mikono iliniwasha kwa kukosa kazi. Kando ya nyumba palikuwa na kitalu cha kabichi, miche imerefuka, imebanana, majani ya chini yameanza kuwa manjano. Mtoto yeyote wa kwetu anajua kwamba miche ya namna ile imepitiliza muda wa kuhamishwa. Nikainama nikaanza kung'oa magugu.

"Usiguse!"

Sauti ilinitupa nyuma nikakaa chini matopeni. Alikuwa amesimama, blanketi limeanguka. Nikadhani atanipiga. Badala yake akachuchumaa pembeni ya kitalu, akanionyesha kwa kidole.

"Unaona mistari hii? Kaichora yeye kwa kidole chake. Kamwaga mbegu leo, kesho yake kaugua. Nisipoihamisha inakufa. Nikiihamisha, kitalu kinabaki kitupu. Sasa nifanye nini, mwanangu?"

Nilikuwa na majibu kichwani, yote kwa mpangilio. Nikasema, "Sijui, baba." Na ilikuwa kweli. Nikaanza kulia, kwa sababu mkewe alikuwa akinipa matunda damu, yale mekundu ya huku mlimani, kila msimu na sikuwa nimemlilia sawasawa; siku ya mazishi nilikuwa nimeshughulika kuimba vizuri. Yule baba naye akalia. Tulilia wote wawili pale matopeni, mtu mzima na mtoto, na hakuna aliyembembeleza mwenzake.

Kesho yake nilimkuta ana jembe. Tulihamisha miche siku mbili, mimi nabeba ndoo, yeye anashindilia udongo kwa vidole. Nusu ilikufa. Mstari mmoja aliuacha kitaluni palepale, na kabichi zake zikabaki ndogo kama ngumi, hazikufunga vichwa. Alizimwagilia msimu mzima.

Zile nyingine zilipokomaa alituletea mbili. Mimi na kiherehere changu nikamuuliza, "Baba, sasa maana umeipata?" Bibi akanikata jicho. Yule baba akacheka, kile kicheko chake, ingawa kimepungua. "Bado, mwanangu. Lakini kesho nina palizi." Aliishi miaka mingi baada ya hapo. Hakuoa tena.

Leo asubuhi nimepanda mpaka kwake. Nyumba haipo. Ngazi zimeporomoka, miwati imejiotea ovyo, na mfereji waliokuwa wakiubishania umekauka. Kwa marehemu bibi kumefungwa kufuli, wajukuu tuko mijini. Waliobaki wananisalimu vizuri, wananipa pole, wanaendelea na safari, na siwalaumu, kwa sababu hata mimi, majirani zangu wangapi Tanga wamefiwa nikaishia kuwatumia ujumbe wa simu na mstari wa Biblia? Anayejua kukaa na mtu bila kumjibu, leo nitamtafuta wapi?

Nilikaa kwenye ukingo wa ngazi ya juu. Ukungu ulikuwa unapanda kutoka bondeni. Nilijaribu kuuliza tena swali lile la ofisini, lile kubwa la maana ya maisha, nikaliacha katikati. Halikuwa swali langu. Nikasema lililokuwa langu, kwa sauti, ingawa hapakuwa na mtu: namtaka mume wangu. Nataka arudi nyumbani.