Kijumba Kilichobakizwa

Juzi nilimkuta dada yangu akimenya karanga kibarazani kwake Msamala, nikakumbuka vijumba ambamo nyuki wa baba walilea malkia. Vilifanana na karanga na vilinukia nta. Siku moja utotoni mwetu baba, aliyekuwa amepunguzwa kazini, alivikata kwa kisu, akabakiza kimoja tu.

“Vimeoza, baba?” niliuliza.

“Wakitoka malkia wengi, nyuki watagawanyika wahame.”

Sikumwelewa, niliamini vimeoza. Dada aliokota kimoja cha vilivyokatwa, akakipasua kwa ukucha, akachungulia ndani, akakifumbata kiganjani.

Jioni hiyo baba alisema ada ya sekondari inamtosha mtoto mmoja, ingawa tulikuwa tumefaulu sote wawili. Akanitaja mimi. Nikadhani dada ana kasoro.

Juzi ndipo aliponiambia alichokiona ndani ya kile kijumba: malkia mzima, anachezesha miguu.