Kiganja Kwenye Ubavu wa Boti

Nianze kwa kukuambia kwamba mimi si mtu wa kudanganyika kirahisi. Nikifunga mlango narudi kuhakikisha nimefunga, halafu nikifika barabarani nawaza kama ufunguo niliotumia ulikuwa wenyewe. Kwa hiyo ninaposema niliona, ujue niliangalia, nikaangalia tena, nikatafuta kila sababu ya kukataa. Nilikosa. Haya yamenitokea mimi, hapa Mwanza, na kulikuwa kumeshapambazuka.

Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi. Kaka Fausti, fundi wa boti ufukweni Kirumba, akanichukua kwa majaribio. Alinikabidhi boti nyeupe ya faiba inayotembeza wageni ziwani, iliyovutwa nchi kavu ili isafishwe na kupigwa nta.

"Msomi," akaniambia, "hii kesho jioni inarudi majini. Ikitoka inang'aa, kazi unayo. Isipong'aa, rudi Magu ukawasaidie wazazi kwenye mpunga. Na usafishe kwanza! Nta haisafishi kitu. Doa ukiliacha, nta inalifungia humo humo."

Unadhani nilipata usingizi? Alfajiri nilikuwa pale, maana nta haitaki jua kali. Nikaosha kwa sabuni na maji ya bomba, nikianzia chini kwenda juu ili maji machafu yasiache michirizi. Ule ukijani wa ziwa ukatoka. Nikapitisha kitambaa chenye thina kuondoa nta ya zamani, kisha nikasuuza. Maji yakatiririka vizuri ubavu mzima, isipokuwa sehemu moja karibu na injini. Pale yalikwepa, yakaacha umbo kavu la kiganja, vidole vimetanuliwa, kama cha mtu aliyejaribu kujivuta juu.

Nikasema ni mafuta ya mkono wa mtu. Nikapaka thina, kikapotea. Nikamwaga maji, kikarudi. Nikasugua kwa siki, nikasugua kwa magadi, nikasugua mpaka bega likawaka moto. Niliapa kwamba kiganja cha mtu nisiyemjua hakitanirudisha Magu. Nikamwaga maji. Kikarudi.

"Dada, usipake nta bado."

Nikageuka. Kijana wa rika langu alikuwa amesimama nyuma yangu, fulana imelowa chapachapa. Niamini, sikuanza kuona uso wake. Niliona maji yanavyodondoka kutoka kwenye ile fulana, tone baada ya tone, na mchanga chini yake mkavu kabisa.

"Niliishika hii boti," akasema. "Wakakata kona wakaniacha. Mama hajakaa msiba, hana cha kuzika. Ukipaka, umenifungia hapo."

"Uko wapi?" nikauliza. Sasa hilo ni swali la kumuuliza mtu aliye mbele yako? Lakini ndilo lililonitoka.

"Upande wa Kigongo, kwenye magugu maji, nyuma ya jiwe lililopasuka. Weka mkono hapo kwenye kiganja, nijue umenisikia."

Nikauweka mkono wangu wa kulia. Ubavu wa boti ulikuwa baridi kama samaki wa kwenye barafu, na kitu kikanishika, vidole kwa vidole. Nilipouchomoa mkono, hapakuwa na mtu.

Jua lilipotoka, Kaka Fausti alifika na kapteni wa ile boti, mtu mzima wa umri wa baba yangu. "Shikamoo, kapteni," nikasema. "Marahaba." Nikamwaga ndoo ya maji pale ubavuni, kiganja kikajitokeza, wote wawili wakitazama.

"Sipaki nta," nikasema, "mpaka kapteni aseme nani alishika hapa."

"Ameanza!" Fausti akacheka. "Jana kaniuliza kama sponji ina upande wa kulia na wa kushoto. Leo amekuwa mpelelezi! Paka, mama, wageni wanasubiri."

"Nifukuze, kaka. Sipaki."

Nilimaanisha. Kapteni hakucheka. Aliketi mchangani taratibu, kofia mkononi.

Kwetu ziwani kuna jambo ambalo hata mlevi analijua. Ukimkuta aliyezama, hata kama humjui kwa jina wala kwa kabila, unamleta nchi kavu. Hakuna kumpita.

"Ilikuwa maiti," kapteni akasema. "Nilikuwa na wageni, na watoto wao. Nikasema wanaokuja nyuma watamchukua."

"Maiti inashikaje boti, kapteni?"

Mpaka leo hajanijibu.

Nikawaeleza mahali yule kijana aliponiambia yupo. Fausti aliacha kucheka, akapiga simu polisi, akawaita wavuvi. Kapteni mwenyewe aliwaongoza. Walimkuta nyuma ya jiwe lililopasuka, amefunikwa na magugu. Nilikwenda mazishini. Mama yake akanishika mikono, akaniuliza nilimfahamu vipi mwanawe. Ningesema nini? Nikasema tulikutana kazini.

Niliporudi ufukweni nilimwaga maji kwenye ile boti, yakatiririka bila kukwepa popote. Nikaipiga nta, ikang'aa. Mwenye boti alifoka kwa kucheleweshewa, Fausti akamwambia hasira zake azipeleke kwa kapteni. Kazi ninayo.

Ila mkono wangu wa kulia haujawa sawa. Hauumi. Lakini kila nikienda kusajili laini ya simu, ile mashine ya alama za vidole inaukataa. Wakala ananipa kitambaa: "Dada, kausha mkono, umelowa." Naufuta mbele yake, naye anaushika, anaona ni mkavu. Tunajaribu tena, mashine inakataa. Wa mwisho aliniomba niende kwa wakala mwingine, na hakutaka kunitazama usoni.

Kwa hiyo wewe unayeendesha boti, ukimkuta mtu majini, awe hai au amekufa, simama. Usiseme una wageni. Na wewe unayeosha boti ya mwenzio, ukikutana na doa lisilotoka, acha kubadilisha sabuni. Uliza hiyo boti ilipita wapi.