Glasi Sita Zisizo na Viputo

Kitu cha kwanza nilichokiona ni kwamba mvinyo ulikuwa umetulia tuli kama maji ya mtungini.

Mvinyo ule hautakiwi kutulia. Unatakiwa kupandisha viputo vidogo vidogo kutoka chini ya glasi mpaka juu, kama vina haraka zao.

Glasi sita mezani. Zote kimya.

Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa jikoni na sahani ya chipsi. Sahani inaunguza, mimi sisikii.

Mimi ni muosha vyombo wa mgahawa ule. Tulikuwa tumemzika mama siku kumi na moja nyuma, nami nilikuwa nimerudi kazini. Mikono inafanya kazi, mwenyewe simo.

Mhudumu wa vinywaji tulimwita Kizibo, maana mifuko yake haikukosa vizibo vya chupa. Miezi mitatu mizima alimganda Bosi, mama mwenye mgahawa, anunue mvinyo wa Kifaransa unaoitwa kremanti.

"Bosi, unatengenezwa kama shampeni. Unachachukia humohumo kwenye chupa. Ila hautoki mkoa ule wa Shampeni wenyewe, ndiyo maana bei yake ya kibinadamu."

"Na watu wangu wa harusi wataunywa na nini?" Bosi akauliza. Mama yule hakuwa na muda wa porojo.

"Chipsi. Kuku wa kukaanga. Chumvi na mafuta ndiyo mashoga zake, Bosi. Ukimeza, mafuta yanakatika, ulimi unaanza upya."

Mpishi alicheka mpaka akashika meza. "Kizibo, kesho utaniambia niupikie na uji!"

"Wateja wakiukataa, nifukuze," Kizibo akamwambia Bosi.

Bosi si mtu wa kuambiwa neno kama hilo kwa utani.

Akanunua. Basi siku ile ya glasi sita, mchana, ikaja familia ya bibi harusi kuonja. Mama wa bibi harusi akapiga funda moja, akaiweka glasi mbali naye.

"Hii ni soda iliyolala, au?"

Wakaaga. Chipsi zangu hata hazijapoa.

Kizibo aliinua glasi, akainusa. Akainusa tena. Kisha akageuka taratibu, akanitazama mimi.

Nilijua.

Glasi zile husuuzwa mara mbili kwa maji ya moto. Sabuni ikibaki inaua viputo. Yeye ndiye aliyenifundisha. Asubuhi ile nilizitoa kwenye povu, nikazifuta na kitambaa, basi. Zilivyong'aa, ungesema mpya.

"Kizibo, nini hiki?" Bosi alikuwa ameshika kiuno.

"Labda nilizihifadhi vibaya chupa, Bosi. Kosa langu."

"Si ulisema mwenyewe? Vua aproni."

Nilisubiri mdomo wangu ufunguke. Haukufunguka.

Kizibo akaja kwenye sinki langu na chupa iliyobaki. Akachukua kikombe cha chai, akakisuuza mwenyewe mara mbili, akamimina.

Viputo vikapanda mbio, vikichachatika.

Mvinyo haukuwa na tatizo lolote. Na yeye alijua tangu aliponusa ile glasi.

"Kula chipsi kwanza, mdogo wangu. Halafu unywe."

Tangu msiba, chakula kilikuwa kama karatasi mdomoni. Nikatafuna. Chumvi. Mafuta. Kisha ule ubaridi, mchachu kama tofaa bichi, ukasafisha kila kitu.

Ulimi ukashtuka. Ulimi peke yake. Kwingine kote kulikuwa bado kumekufa ganzi.

"Umeusikia?"

"Ndiyo."

"Haya. Mimi sikosi kazi kwingine. Wewe na msiba wako ungeanzia wapi?"

Akakunja aproni vizuri, akaiweka juu ya rafu, akatoka.

Nikarudi kuosha vyombo. Nikasuuza mara mbili.

Wewe unayesoma, somo langu ni fupi. Mtu akikubebea kosa lako, mkimbilie kabla hajafika getini. Akishavuka, kila siku inayopita inakuwa geti jingine.

Bado nipo palepale. Kremanti sasa inauzwa kwenye glasi ninazosuuza mara mbili, na kuku wa kukaanga, na watu wanamsifia Bosi. Kizibo sijui yuko wapi.

Kaka Kizibo, atakayesoma atadhani nilinyamaza kwa aibu. Wewe ulidhani naogopa kufukuzwa. Sikuogopa. Hata huruma sikukuonea. Nilikutazama ukivua aproni kama ninavyotazama maji yakishuka kwenye sinki.

Kwa hilo naomba unisamehe, zaidi kuliko kwa zile glasi.