Matanga ya Duka la Manundu

Mjukuu wangu wa kike alinunua viatu kwa simu. Hakuvigusa, hakuvijaribu, hakumwona aliyeviuza. Alibonyeza tu kwa kidole, na baada ya siku kadhaa basi la kutoka Dar likavishusha hapa Handeni ndani ya mfuko wa nailoni. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Nyumba nzima ilicheka, yeye akanuna, akasema, "Babu, mambo haya nyie wa zamani hamyajui." Nikamwambia kaa chini. Sisi tulishauziwa kwa picha kabla mama yako hajaota meno.

Ilikuwa enzi za ruksa. Walioikuta dunia imejaa maduka hawajui neno hilo lilivyokuwa tamu mdomoni. Kabla yake, ukiwa na kipande cha sabuni nyumbani, majirani walikuja kukusalimia na kuinusa. Halafu ruksa ya kuingiza bidhaa ikaja, na vitu vikaja nayo, vya maana na vya kipuuzi kwa pamoja. Mimi mwenyewe nilimwona mtu mnadani anauza miwani ya kuogelea. Hapa Handeni, ambako hata ng'ombe wanaoga kwa zamu! Na aliiuza. Aliyeinunua aliivaa wakati wa kupepeta mahindi, akasema ni dawa ya vumbi.

Lakini nilitaka kusema habari za baiskeli.

Sisi wachache tulikuwa na ugonjwa wa kupamba baiskeli. Sisemi kutengeneza, nasema kupamba. Baiskeli ya kubebea mkaa ni kitu kingine, ile ni punda. Ya kwetu ilikuwa na taa mbili mbele hata kama dinamo inawasha moja, kengele tatu, maua ya plastiki kwenye usukani, mpira wa nyuma wa kuzuia tope ulioandikwa maneno kama "Wivu wa Nini," na vishanga vya rangi kwenye spoki ili gurudumu likizunguka liimbe. Sikukuu ya Idi tulikuwa tunapita barabarani polepole mno, maana ukienda mbio watu hawaoni. Polepole hiyo ilituangusha mara nyingi. Mke wangu aliniambia mbele ya mama yake, "Mwanamume huyu mimi hajaninunulia hata hereni, baiskeli yake imevaa nane." Mama mkwe akaitazama ile baiskeli, akasema, "Lakini zimeipendeza."

Mapambo hayo yote yalitoka mahali pamoja: kwenye duka moja dogo la Manundu, Korogwe. Kutoka Handeni ni safari ya kutwa kwa baiskeli, na hatukuona taabu. Mwenye duka alikuwa Mnyamwezi, ingawa Tabora hajawahi kuiona. Baba yake alikuja kukata mkonge upande wa Mnyuzi, akafia huko huko, na yeye akazaliwa kambini. Sasa, sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani. Mtani anaweza kukutukana wewe na ukoo wako katikati ya barabara, na ukikasirika wewe ndiye mwenye makosa. Na ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kukuharibia kilio. Anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, analala njiani jeneza lisipite mpaka apewe kitu, anabeba kuku wako bila kuaga. Huwezi kumzuia. Hiyo ndiyo heshima yenyewe.

Basi bwana huyu alikuwa na namna yake ya kuuza. Hakuuzii kitu mpaka aione baiskeli. Ungefika bila baiskeli, ungerudi mikono mitupu. Ukifika nayo, aliizunguka kimya huku ameshika kikombe cha kahawa, kama mganga anayemzunguka mgonjwa asiye na nauli ya kurudi.

"Mtani, hii unaitakia kengele?"

"Naitaka."

"Hii haihitaji kengele. Ikipita, watu wanaisikia kwa mlio wa mnyororo. Nyie watu wa Handeni mvua mnaisoma kwenye gazeti, grisi ndiyo mtaijulia wapi?"

"Mtoto wa mkonge wewe, nipe kengele!"

"Nakupa maua. Kaa hapo kwenye benchi."

Na unakaa. Anakufungia maua kwa mikono yake, taratibu, na unaporudi nyumbani unagundua kwamba kweli kengele ingeharibu.

Halafu mwalimu mmoja wa shule ya msingi, rafiki yetu na mpambaji mwenzetu, akaleta kitabu. Alikipata kwa mgeni wa Kizungu aliyeteremka kutoka misheni ya Lutindi, kule milimani. Hakikuwa kitabu cha kusoma, kilikuwa cha kutamani. Picha tupu za vitu vya baiskeli, karatasi inang'aa kama imepakwa mafuta. Vioo, taa, honi, viti vyenye manyoya. Unachagua, unalipa, kinaletwa kwenye kifurushi. Yule mgeni akakubali kwamba akirudi kwao atatuagizia.

Sasa hapa ndipo tulipoanza kufanya mambo ya ajabu. Hatukuacha kwenda Manundu. Tulikwenda zaidi! Tulikwenda kushika kwa mkono. Unashika kioo cha mtani, unamwuliza kama kinafaa, anakueleza nusu saa kwa nini hiki kinatikisika na kile hakitikisiki, unakunywa kahawa yake, unaaga, unarudi Handeni kuagiza kilekile Ulaya kwa sababu cha Ulaya kina picha.

Vifurushi vilipofika tulivifungua nyumbani kwa mwalimu. Kioo changu kilikuwa kidogo, kinaonyesha jino moja moja. Shemeji yangu fundi cherehani alikuwa ameagiza kifuniko cha kiti chenye manyoya. Kilikuwa na masikio mawili marefu na uso wa sungura, na kiliingia kwenye kiti chake kama kofia ya kitoto kwenye kichwa cha fahali. Mwalimu alipekua kile kitabu upya, ukurasa kwa ukurasa.

"Jamani," akasema, "naona ni kitabu cha baiskeli za watoto."

"Lakini huyu aliyepanda ni mtu mzima!" shemeji akasema, akimwonyesha mvulana kwenye picha.

"Ni mtoto. Amekula vizuri tu."

Tulivifunga hivyo hivyo. Mtu hawezi kuagiza kitu Ulaya halafu akakificha uvunguni. Ila hatukuweza kuvifunga wenyewe, skrubu zake zilikuwa ngeni. Tukafanya nini? Tukavipeleka Manundu, mtani atufungie. Nasema ukweli, wakati ule hakuna aliyeona ubaya.

Mtani akamtazama yule sungura.

"Huyu anakula nini?"

"Funga tu, mtani," shemeji akasema.

Akafunga. Hakututukana hata kidogo, na hilo lilitakiwa kutushtua. Mnyamwezi asiyemtukana Mzigua ana homa.

Honi yangu nayo, maana niliagiza na honi, ilitoa sauti ya ndama. Naieleza kidogo tu, kwa sababu watu huku bado wananiuliza. Niliibonyeza kwenye kona, upande wa nyikani, kumwonya mbuzi. Nyuma yangu wakatoka ng'ombe kichakani, majike wenye maziwa, wanakuja kwa haraka na nyuso za huruma. Nikakanyaga pedeli, wakakimbia. Mfugaji wao, kijana wa Kimasai mwenye adabu sana, akanifikia akihema. "Shikamoo mzee. Mtoto wao umemficha wapi?" Nikamwonyesha honi. Aliibonyeza, ng'ombe wakalia wote. Aliibonyeza tena. Ilibidi nimnyang'anye, la sivyo tungelala pale.

Haukupita muda, mwalimu alirudi kutoka Korogwe na habari kwamba mtani ameandika kwa chaki mlangoni: "Duka linafungwa." Anahama. Anakwenda Tabora.

"Tabora kwa nani?" nikauliza.

"Nilimwuliza. Anasema atamjua akifika."

Kila mmoja aliitazama baiskeli yake. Duka lile likifungwa, hatuna mahali. Si pa kununulia tu, maana tulikuwa hatununui. Hatuna mahali pa kwenda na baiskeli ikazungukwa na mtu anayeijua. Na mzee kama yule, kwenda kuanza maisha kwenye mji ambao anaujua kwa jina tu! Lakini tungemwambiaje? Kumbembeleza mtani ni aibu, angetucheka mpaka kaburini. Shemeji ndiye aliyepata njia. "Duka linakufa," akasema. "Sisi ni watani. Twendeni msibani."

Tukaenda. Tulipofika Manundu tukashuka, tukatupa baiskeli chini, tukaweka mikono kichwani. Shemeji ana sauti, aliwahi kuadhini. "Uuuwi! Duka letu! Umetuachia nani!"

Sikujua kwamba Manundu wanajibu kilio upesi namna ile. Kina mama walitoka majumbani wakifunga kanga. Mmoja alikuja na kuni kichwani, mwingine na unga, wa tatu na sufuria. Bibi mmoja mzee akanishika mkono.

"Pole baba. Marehemu ni nani?"

"Duka, bibi."

"Ameacha watoto?"

"Ameacha spoki tu."

Bibi akafikiri. Kisha akatandika kanga yake akakaa, akaanza kulia kwa sauti. Baadaye alinieleza kwamba alishajiandaa, asingeweza kurudi nyumbani hivi hivi.

Mtani akatoka ndani. Amekonda. Nyuma yake niliona maboksi yamefungwa kamba.

"Nyie mbwa," akasema, na mimi moyo wangu ukatulia kidogo.

Tukafanya kazi yetu. Nikavaa koti lake lililokuwa kwenye msumari, nikachukua kikombe, nikaizunguka baiskeli ya mwalimu nikiitukana kwa sauti yake ya puani. Kina mama walicheka mpaka moto ukazimika. Shemeji akajilaza mlangoni kama jeneza, akakataa kuinuka. Halafu tukaingia ndani tukachukua, kama watani wanavyochukua msibani. Mimi kengele, mwalimu taa, shemeji rundo la maua. Tulifungua maboksi, tukatawanya, tukavaa mapambo shingoni. Tulipokuwa tumefika katikati ya kazi nikaiangalia rafu, nikaona imekuwa tupu. Ndipo nikaelewa kwamba tumekuja kuliokoa duka na tumelimaliza.

Mtani alikuwa amekaa kwenye benchi, anatutazama.

"Mmeshiba?"

"Tumeshiba, mtani."

"Haya. Kuleni ugali wa kina mama. Utani una pande mbili."

Tukaenda kula. Na alipotuona tumenawa na mikono imeingia kwenye sahani, akachukua spana yake akaenda kwenye baiskeli zetu. Kioo changu, kikatoka. Honi, ikatoka. Sungura akang'olewa kwa masikio. Taa za mwalimu zenye umbo la nyota, zikatoka. Vyote vya Ulaya, kimoja kimoja, na cha hapa hakukigusa. Shemeji alitaka kuinuka, nikamkanyaga mguu. Ukikasirika umekwisha.

Akavitundika mlangoni kwa uzi, palepale pasipokuwa na kitu tena. Na kwenye msiba ule, bila sisi kujua, alikuwapo baba mmoja ambaye mwanawe alikuwa na baiskeli ndogo ya magurudumu matatu. Ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza kuingia na mitumba kutoka Tanga, na wenye nazo walikuwa hawana cha kuzifanyia. Akamtazama sungura.

"Mzee, huyu anauzwa?"

"Baiskeli iko wapi?" mtani akauliza.

"Nyumbani."

"Basi hauzwi. Ilete niione."

Ikaletwa. Akaizunguka na kikombe chake, akaitukana, ingawa kwa upole kwa sababu ilikuwa ya mtoto. Akafunga. Sungura alikaa pale kama amezaliwa hapo. Watu wakasogea. Mama mwenye sufuria akasema na kwake kuna kibaiskeli, akaacha ugali ukaungua. Alasiri hiyo vyote vilikwisha, hata honi, na Manundu nzima ikalia kama zizi.

"Na mimi nataka kioo kama kile," mama mwingine akasema. "Utakipata lini?"

Mtani akafungua mdomo aseme anasafiri. Akamtazama yule bibi mzee, ambaye bado alikuwa amekaa kwenye kanga.

"Bibi, msiba umekwisha. Nenda kapumzike."

"Umekwishaje?" bibi akasema. "Mtu hajalaliwa hata usiku mmoja! Matanga ni siku tatu. Mimi siondoki."

"Ni duka, bibi."

"Hata kama. Na mfiwa hafungi mlango watu wakiwa wamekaa kwake."

Kina mama wote wakasema ndivyo. Mtani akatuangalia sisi, sisi tukaangalia chini. Akalifuta lile andiko la mlangoni kwa mkono wa shati, akisema analirudisha bibi akiondoka.

Sisi tulianza kujifungia vile tulivyochukua, maana baiskeli zilikuwa uchi. Nilikuwa nimeanza kuikaza kengele yangu mtani aliponyakua spana mkononi mwangu. "Utaiua," akasema. "Kaa kwenye benchi, Mzigua. Na kengele nilishakwambia haikufai." Akanifungia taa. Giza lilitukuta bado tunasubiri zamu, tukalala hapo hapo Manundu pamoja na wafiwa wengine. Siku tatu zilipokwisha, bibi akakunja kanga yake, akamwuliza kama bado anakwenda Tabora.

"Nakwenda," mtani akasema, ameinamia gurudumu la mtoto wa mtu. "Nimalizie tu hii."