Ijumaa Tuliyopaswa Kubadilishana Pande

Sauti ya spika mbili zikipiga kwa pamoja ndiyo inayonirudisha darasa la sita. Kwenye kona iliyo chini ya shule yetu, Kirumba, magari mawili ya kampeni yalikutana karibu kila asubuhi, kila moja na nyimbo zake na mgombea wake, na kwa kuwa hakuna dereva aliyekubali kupisha, kilichotufikia darasani kilikuwa kelele tupu, ikiingia dirishani pamoja na harufu ya dagaa kutoka soko la samaki la Mwaloni. Mwalimu Perpetua aliacha kuandika ubaoni, akajipangusa chaki, akauliza, “Nani amesikia wamesema nini?” Tulinyoosha mikono wote. Kila mmoja alijibu yaleyale yanayosemwa nyumbani kwao. Mwalimu alicheka hadi machozi, nasi tukacheka naye, bila kujua kwamba tunachekwa sisi.

Ijumaa ilikuwa siku ya mdahalo. Walimu wengine walituacha tuchague upande, lakini yeye alitia vikaratasi ndani ya kopo la maziwa ya unga, ukaokota ulichojaliwa. Ijumaa iliyofuata mlibadilishana: aliyepinga anaunga mkono, aliyeunga mkono anapinga. Alisema mtu asiyeweza kueleza hoja ya mwenzake hana haki ya kuikataa. Msimu ule aliandika mada iliyokuwa midomoni mwa mji mzima: soko jipya lijengwe kwanza, au maji yapandishwe kwanza kwa watu wa mlimani? Baba aliuza dagaa Mwaloni na chama chake kiliahidi soko. Mzee Magesa, jirani yetu aliyejenga juu kwenye mawe, chama chake kiliahidi maji. Walikuwa marafiki, lakini tangu kampeni zianze walipishana njiani bila hata salamu. Mimi niliokota maji. Sospeter, mtoto wa Mzee Magesa, aliokota soko.

Jumatatu baada ya mdahalo wa kwanza, asubuhi kabla ya shule, niliirudia hotuba yangu nyumbani nikiosha vyombo, nikiyahutubia masufuria kwa sauti ya mgombea: “Soko lenye paa zuri halimnyweshi mtoto mwenye kiu!” Nilijisikia hodari sana. Sikujua baba amesimama mlangoni. Hakunipiga, na heri angenipiga. Aliuliza tu, kwa upole ulionitisha, “Nani kakufundisha kumpinga baba yako?” Nilijaribu kumweleza habari za kopo na za kubadilishana. Alikuwa ameshavaa viatu.

Shuleni tulimkuta Mzee Magesa ameshafika na Sospeter wake, amekasirika kwa sababu ileile iliyogeuzwa tu. Hapo ndipo wazee wale wawili waliposalimiana kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi, wakaingia ofisini bega kwa bega. Mwalimu Perpetua alikuwa amesimama karibu na kabati la vitabu. Mwalimu mkuu aliniuliza, “Huyu mwalimu ndiye aliyekutaka uyaseme maneno yale?”

“Shikamoo, mwalimu. Tuliokota karatasi, halafu Ijumaa ijayo tunabadi...”

“Nimekuuliza ndiyo au hapana.”

Nilimtazama baba. Nilikuwa na jibu refu na la kweli, na ofisi nzima ilitaka fupi.

“Ndiyo,” nikasema.

Sospeter naye akasema ndiyo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kweli sisi tulikuwa watoto wa Mwalimu Perpetua, aliotupenda. Yeye hakutulaumu wala hakujitetea. Alisema tu, “Waacheni watoto warudi darasani, wana hesabu.” Kabla ya Ijumaa akapewa barua ya uhamisho, akapanda meli ya kwenda Nansio, kisiwani, na mabegi mawili. Katika mdahalo ule hatujabadilishana pande mpaka leo.

Soko lilijengwa. Baba alizeeka, akagombana na wenzake, akahamia chama cha Mzee Magesa. Siku hizi, ukimtembelea, anakuhubiria habari za maji mpaka chai ipoe, kwa maneno ambayo mimi niliyasema mbele ya masufuria. Mwaka jana nilijipa moyo nikamuuliza kama anamkumbuka Mwalimu Perpetua. Alifikiri kwa dhati, maskini, akaniuliza, “Mwalimu gani?” Sikuwa na nguvu ya kumweleza.

Sasa mimi ndiye mwalimu, hapa Nyamagana, na midahalo naisimamia mimi. Nachagua mada zisizo na madhara: mjini ni bora kuliko kijijini, na nyingine za namna hiyo, na watoto wanazijua kwa moyo tangu darasa la nne. Nje spika ni zilezile, na sasa zimo hata kwenye simu za wazazi wao. Juzi msichana mmoja alisimama akaomba tujadili ahadi za wagombea. Kabla sijamjibu nilitazama kama mlango umefungwa. Kisha nikamwambia akae. Alikaa mara moja, mtoto mwenye adabu, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba hakuuliza kwa nini.