Mkono wa Volkmar kwenye Santuri

Volkmar Tietjen alikuwa dijei, na kwa maoni yake mwenyewe ndiye dijei pekee aliyesalia Berlin. Wengine wote walikuwa wabonyeza vitufe. Kila Jumapili mchana alipokwenda kupiga muziki kwenye klabu ya Jördis, alibeba masanduku mawili ya santuri ngazi zote, akihema makusudi ili watu waone.

Aliyemkera kuliko wote ni Wiebke, aliyepiga kabla yake. Binti huyo alikuja na kidude kidogo mfukoni chenye nyimbo zote, na mashine ikampangia midundo iende sambamba.

"Hiyo mikono umekuja nayo ya nini, dada?" Volkmar alimuuliza mbele za watu. "Ya kuoshea vyombo?"

Tatizo, watu walicheza kwa Wiebke. Akipanda Volkmar jukwaani, walitoka kwenda bustani ya klabu kuvuta sigara na kunywa bia. Kuchanganya santuri alijua, hilo hatumnyimi. Ila alipiga muziki kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Jördis akamwambia kavukavu, "Mzee, bustani ikijaa tena Jumapili hii, nafasi yako nampa Wiebke."

Jumapili hiyo macho yake hayakutoka mlangoni. Alitaka kuondoa santuri iliyokwisha, akainua sindano ya ile inayolia. Ukumbi kimya. Volkmar akatamani ardhi ipasuke immeze. Kumbe watu wakalipuka kwa shangwe! Mtu kweli, mkono kweli, kosa la kweli! Walioko bustanini wakarudi mbio kuona kuna nini. Akarudisha sindano, wakacheza hadi jasho likawatoka.

Jördis akamwachia nafasi yake. Jumapili iliyofuata, ukumbi ulipoanza kupwaya, Volkmar akakosea tena, safari hii makusudi. Na iliyofuata pia. Akajifunza hata kushika kichwa na kutabasamu kwa aibu. Yeye huyo, aliyewaita wenzake wabonyeza vitufe!

Siku moja Wiebke alibaki pembeni baada ya zamu yake. Akaona watu wa mbele wameshainua mikono, wanangoja kosa lao.

"Volkmar," akamwambia sikioni, "mashine yangu ikikosea, angalau haikukusudia."

Mlangoni watu wawili walikuwa wanaelekea bustanini. Volkmar akawatazama, akainua sindano.